Tamko la Haki la Ufaransa la 1789: Wafaransa walilibuni au walinakili kwa Wamarekani?

#1 Karani Mstaafu
Wakuu, salaam.

Nimebishana na kijana wangu anayesoma sheria mpaka mama yake akatufukuza sebuleni. Yeye anadai Tamko la Haki za Mtu na Raia, lile la Ufaransa la tarehe 26 Agosti 1789, ni nakala ya Wamarekani. Hoja yake: aliyepeleka rasimu ya kwanza bungeni ni Lafayette, ambaye alikuwa ametoka kupigana vita ya uhuru wa Marekani, na wakati huo huo Thomas Jefferson alikuwa balozi wa Marekani Paris na rasimu ilipita mikononi mwake. Kwa hiyo Wafaransa wamebebwa tu, sifa wakachukua wao.

Mimi nimekataa. Soma ibara ya 6, inasema sheria ni kielelezo cha utashi wa umma. Huyo ni mwanafalsafa Rousseau mtupu, na Rousseau aliandika hayo mwaka 1762, Marekani bado makoloni ya Mwingereza. Wajuzi mniambie nani yuko sahihi. Naomba hoja, matusi kaeni nayo.

#2 Chumvi Nyingi
Nimevuta kigoda. Walimu wa historia karibuni.

#3 Dada Sheria
Mzee Karani, shikamoo. Kijana ana nusu ya ukweli.

Lafayette alisoma rasimu yake mbele ya Bunge la Taifa tarehe 11 Julai 1789, siku tatu kabla gereza la Bastille halijavamiwa. Kabla ya hapo alimpa Jefferson aipitie, hilo halina ubishi. Lakini angalia kilichotokea. Kwenye rasimu mojawapo Jefferson aliweka mabano kuzunguka haki ya kumiliki mali, maana yake alitaka iondolewe kwenye orodha ya haki za asili. Sasa fungua Tamko lenyewe: mali imetajwa ibara ya 2, halafu ikarudiwa ibara ya 17, ya mwisho kabisa, kama "haki takatifu isiyovunjwa". Ushauri wa balozi ulitupwa kapuni. Hiyo nakala gani?

Tena rasimu ya Lafayette siyo iliyojadiliwa. Zilikuja nyingi: ya Sieyès, ya Mounier, ya kamati ya Mirabeau. Tarehe 19 Agosti wabunge wakachagua rasimu ya ibara 24 iliyotoka kwenye kundi la sita la Bunge, ambayo haikuwa na jina la mkubwa yeyote, kisha wakaichanachana ibara kwa ibara kwa muda wa wiki moja. Zikabaki 17.

#4 Mjuaji wa Mtaa
Acheni kuzunguka mbuyu. Wafaransa walinakili Hati ya Haki ya Marekani, yale marekebisho kumi ya katiba. Kila mtu anajua hilo. Uhuru wa dini, uhuru wa kusema, vyote vimo mle.

#5 Kobe Mkavu
Mkuu #4, kalenda inakukataa. Bunge la Marekani lilipitisha hayo marekebisho tarehe 25 Septemba 1789, mwezi mmoja BAADA ya Wafaransa kumaliza, na yakaanza kuwa sheria Desemba 1791. Labda useme Jefferson alikuwa na mashine ya kusafiria siku zijazo.

Kama unataka mzazi wa Kimarekani, nenda Virginia. Tamko la Haki la Virginia, tarehe 12 Juni 1776, lililoandikwa kwa sehemu kubwa na George Mason. Ibara 16. Hilo Wafaransa walilisoma, lilikuwa limeshafasiriwa na kuchapishwa Ufaransa miaka kadhaa kabla ya mapinduzi.

#6 Mjuaji wa Mtaa
Haya, Virginia. Na Virginia iko wapi, Tandahimba? Si Marekani hiyo hiyo? Hoja yangu iko pale pale.

#7 Chumvi Nyingi
😂😂 Mjuaji hajawahi kushindwa tangu humu kufunguliwe.

#8 Mtoto wa Bukavu
Jambo yenu wote. Sisi huku kwetu tulisoma kwa Kifaransa, mwalimu wetu wa historia alitukaririsha zile ibara kumi na saba, ukikosa moja unasimama nyuma ya darasa mpaka kengele. Kwa hiyo niko na uchungu kidogo na hii mada.

Weka Virginia na Ufaransa pembeni pembeni usome. Virginia inaongea kama watu wenye kesi mahakamani: baraza la wazee wa kesi, hati za upekuzi, dhamana isiyo kubwa kupita kiasi, jeshi la raia. Ni haki za Mwingereza ambazo mfalme alizikanyaga. Ufaransa haiongei hivyo. Haitaji mji, haitaji mfalme, haitaji hata Ufaransa ukiacha utangulizi. Ibara ya 1: watu huzaliwa huru na hubaki huru na sawa katika haki. Ibara ya 4: uhuru ni kuweza kufanya lolote lisilomdhuru mwingine. Ndiyo maana ile karatasi ilisafiri. Virginia ilibaki Virginia.

#9 Kobe Mkavu
Mtoto wa Bukavu umegusa penyewe. Mzee Karani, huu ugomvi wako na kijana una zaidi ya miaka mia moja, na wasomi waliupigana kwa wino mkali. Mwaka 1895 mwanasheria Mjerumani Georg Jellinek aliandika kwamba chimbuko si Rousseau bali matamko ya majimbo ya Marekani, na kwamba mzizi wa chini kabisa ni madai ya uhuru wa dini ya Waprotestanti waliohamia huko. Anasema Rousseau hawezi kuwa baba, kwa sababu kwake mtu akiingia kwenye mkataba wa jamii anakabidhi haki zake zote, sasa habaki na haki gani ya kuidai serikali?

Mfaransa Émile Boutmy akamjibu mwaka 1902: Tamko ni tunda la karne nzima ya fikra za Ufaransa na Ulaya, Wamarekani ni ndugu tu wa ukoo huo. Kumbuka Ujerumani iliipiga Ufaransa vita ya 1870 na 1871 ikachukua Alsace. Mjerumani anapokuja kuwaambia kwamba hata fahari yao kubwa ni ya kuazima, na tena imetoka kwa Waprotestanti, ilikuwa lazima moto uwake. Mimi nawasoma wote wawili nikikumbuka hilo.

#10 Fundi Seremala
Samahani wasomi, mbona wote mnatafuta baba kwenye vitabu? Chimbuko ni njaa na kodi.

Mwaka huo 1789 mfalme aliagiza kila eneo liandike madaftari ya malalamiko kabla ya wawakilishi kwenda Versailles, kwenye makao ya mfalme, ambako bunge lilikutana. Watu wakamwaga yao yote: kodi ya chumvi, kodi ambazo wakabaila hawalipi, haki ya bwana kuwinda kwenye shamba lako ukiangalia, barua za mfalme zenye muhuri zinazoweza kukutupa gerezani bila kesi. Sasa soma Tamko ukiwa na malalamiko hayo mkononi. Ibara ya 7, mtu asikamatwe ila kwa mujibu wa sheria: hizo ni barua za muhuri. Ibara ya 13, kodi igawanywe sawa kwa kadiri ya uwezo: huyo ni kabaila asiyelipa. Ibara ya 6, vyeo viwe wazi kwa wote kwa uwezo wao: hizo ni kazi za jeshini zilizotengewa wenye ukoo. Huhitaji kwenda Virginia kutafuta haya, yalikuwa yanawauma nyumbani.

#11 Dada Sheria
#10 fundi umepiga msumari. Na uongeze: mfalme hakutaka kulikubali. Alivuta muda Septemba nzima. Alilikubali tarehe 5 Oktoba jioni, siku ambayo maelfu ya wanawake wa Paris walitembea kwa miguu kwenye mvua hadi Versailles kudai mkate. Ukiuliza nani alilifanya lipite, mimi nawataja wauza samaki wa sokoni kabla ya Rousseau.

#12 Mpemba Halisi
Assalaam aleikum. Nyote mwazungumza kana kwamba dunia ilianza 1776. Mkataba wa Madina mwaka 622 uliweka Waislamu na Mayahudi chini ya mapatano mamoja, kila watu na dini yao. Na katika Hotuba ya Kuaga Mtume (S.A.W.) kasema Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu ila kwa uchamungu. Hayo si usawa?

#13 Griyo wa Mwanza
Naungana na sheikh, na naongeza ya kwetu weusi. Kurukan Fuga, Mali, 1236, baada ya Sundiata, mwanzilishi wa dola la Mali, kushinda vita: hapo ndipo ilipotangazwa Hati ya Manden. UNESCO imeitambua mwaka 2009. Wafaransa wako nyuma kwa zaidi ya miaka mia tano.

#14 Kobe Mkavu
Sheikh na Griyo, nawaheshimu, ila hayo ni maswali mawili tofauti. Nani alisema kwanza ni swali moja. Nani alimsoma nani ni lingine. Wabunge wa Versailles tunajua walichokuwa nacho mezani, na Hati ya Manden haikuwepo: ilikuwa vinywani mwa magriyo, yaani wasimulizi wanaotunza historia kwa mdomo, na maandishi ya ibara 44 tunayoyasoma leo yalikusanywa kwenye mkutano wa Kankan, Guinea, mwaka 1998. Haipunguzi heshima yake. Ila haiwezi kuwa mzazi wa mtoto ambaye hakuwahi kuonana naye.

#15 Mpemba Halisi
Sijadai uzazi mie. Nadai heshima ya kutajwa.

#16 Bibi Kishada
Wazee mmefika #15 na mwanamke aliyetajwa ni wale wa mkate tu. Mnamjua Olympe de Gouges?

Septemba 1791 alichukua lile Tamko lenu, akaliandika upya ibara zote 17 za wanawake. Ibara yake ya 10 inasema mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kunyongewa, basi awe pia na haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Tarehe 3 Novemba 1793 wakampandisha la kwanza, la pili hawakumpa. Wanawake wa Ufaransa walipewa kura mwaka 1944. Hesabuni wenyewe.

Na hata wanaume siyo wote. Mwisho wa 1789 hiyo hiyo wakapitisha sheria ya raia watendaji na raia wasio watendaji: kama hulipi kodi sawa na ujira wa siku tatu za kibarua, hupigi kura. Watumishi wa ndani nao nje. "Huzaliwa huru na sawa" ndani ya miezi minne ikapata masharti.

#17 Mjuaji wa Mtaa
Bibi Kishada tulia, tulikuwa tunaongelea chimbuko.

#18 Bibi Kishada
Nimetulia. Wewe ulikuwa Tandahimba ulipotuacha.

#19 Kilwa Masoko
Wadau, nimesoma kimya kutoka juu. Sasa mnisikilize na mimi, maana huu mwaka 1776 mnaoutaja una upande mwingine huku kwetu.

Juni 1776 George Mason anaandika Virginia kwamba watu wote wako huru kwa asili. Mwenyewe ana watumwa, na Jefferson ana watumwa, hilo mnalijua. Septemba ya mwaka huo huo Mfaransa anaitwa Morice, tabibu wa melini aliyegeuka mfanyabiashara, yuko Kilwa Kisiwani anaandikiana mkataba na sultani wetu. Watumwa 1,000 kila mwaka. Piastre 20, sarafu za fedha za wakati huo, kwa kichwa, na piastre 2 juu yake ni za sultani mwenyewe. Wanapakiwa kwenda Île de France na Bourbon, yaani Mauritius na Réunion ya leo, kwenye mashamba ya Wafaransa.

Ukivuka na mashua leo kwenda Kisiwani, ukapita Gereza, ukapanda mpaka kwenye magofu ya msikiti mkuu, waongozaji watakuambia habari za dhahabu ya Sofala na Ibn Battuta. Za Morice husikii mpaka uulize. Mimi huwa nauliza makusudi.

Kwa hiyo Agosti 1789 wanapoandika kwamba watu huzaliwa huru, kuna watu wa bara letu na pwani yetu wanalima chini ya bendera ya hao hao. Tamko liliwahusu? Bunge lilijibu kwa kunyamaza. Wenye mashamba ya makoloni walikuwa na watu wao Paris wakihakikisha kimya hicho hakivunjwi, na kila mara waliishika ibara ya 17: mtumwa ni mali, na mali ni takatifu.

#20 Karani Mstaafu
Kilwa Masoko asante sana. Hili la Morice ni jipya kwangu. Na Wafaransa si walikomesha utumwa wakati wa mapinduzi? Visiwa hivyo vilifikiwa?

#21 Kilwa Masoko
Walikomesha, mzee, lakini angalia kwa nini. Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, waliwasha moto mashamba. Miaka miwili baadaye kamishna wa Ufaransa Sonthonax, akiwa amebanwa na Wahispania na Waingereza, akatangaza uhuru wa watumwa upande wa kaskazini. Wajumbe watatu wakatumwa Paris, mmoja wao Jean-Baptiste Belley, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Wakapokelewa bungeni tarehe 3 Februari 1794, kesho yake utumwa ukafutwa kwenye makoloni yote.

Sasa visiwa vyetu. Mwaka 1796 serikali ya Paris ikatuma mawakala wawili, Baco na Burnel, na askari, waende Île de France kutekeleza amri. Wenye mashamba wakawakamata, wakawapandisha merikebu, wakawaondoa ndani ya siku chache. Sheria ya taifa ikaishia bandarini. Mwaka 1802 Napoleon akarudisha utumwa kisheria. Mauritius walikuja kuachiwa 1835 chini ya Mwingereza, Réunion tarehe 20 Desemba 1848, na siku hiyo ni sikukuu kwao mpaka leo.

#22 Griyo wa Mwanza
Basi mimi jibu langu: Tamko lilipata maana Haiti, siyo Versailles. Walioandika hawakuamini walichoandika. Walioamini ni watumwa.

#23 Kobe Mkavu
Polepole Griyo. Wako wanahistoria wanaosema watumwa wa Haiti walikuwa na sababu zao na fikra zao, wengi wao wamezaliwa Afrika, tena Kongo. Hawakuhitaji karatasi ya Paris kujua kwamba minyororo inauma. Wengine wanasema Toussaint, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti, na wenzake waliijua lugha ya Tamko vizuri na waliitumia kama silaha. Mimi naona yote mawili yalikuwepo, ila usimpe Versailles hata hasira ya Haiti.

#24 Mpemba Halisi
Na karafuu je? Miche ya karafuu ilokuja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 ilitoka hivyo hivyo visiwa vya Mfaransa. Uhuru wao haukutufikia, karafuu zao zikatufikia, na watumwa wa kuzichuma tukawatafuta wenyewe.

#25 Chumvi Nyingi
Uzi umehama kutoka Versailles umefika Pemba. Tuendelee tu.

#26 Dereva wa Usiku
Mimi si msomi. Nilikamatwa mwaka fulani kwa ajali ambayo sikuwepo, nikalala kituoni siku mbili bila maelezo. Nikamwambia afande nina haki ya kujua kosa langu. Akanijibu, "Hizo haki ziko kwenye redio." Sasa hilo Tamko la kina Lafayette lingenisaidia nini usiku ule?

#27 Dada Sheria
Pole kaka. Lakini liko karibu nawe kuliko afande alivyojua. Ibara ya 12 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaanza: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Iweke pembeni ya ibara ya 1 ya Wafaransa. Imepitia Tamko la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, hakuna aliyepinga, nchi 8 hazikuegemea upande wowote. Mmoja wa waandishi wake wakuu alikuwa Mfaransa, René Cassin.

Ila sisi tulichelewa. Tanganyika ilipopata uhuru serikali ilikataa kuweka sura ya haki kwenye katiba, kwa hofu kwamba majaji, wengi wao wageni, wangeitumia kuzuia mipango ya maendeleo. Haki hizo ziliingia kwa marekebisho ya tano ya 1984, tena zikasitishwa, mahakama ikaruhusiwa kuzitumia kuanzia Machi 1988.

#28 Mzalendo wa Machakos
Sisi Kenya tulizipata mapema, kwenye mazungumzo ya uhuru ya Lancaster House kule London, ndani ya katiba ya 1963. Zilisaidia? 1966 sheria ya usalama wa umma ikarekebishwa na watu wakaanza kuwekwa kizuizini bila kesi, na sura ya haki ikiwa pale pale kitabuni. Kila haki ilikuwa na "isipokuwa" yake. Ndiyo ya 2010 ikaandikwa kwa ukali zaidi. Nyinyi mlinyimwa kwa adabu, sisi tulipewa na mlango wa nyuma.

#29 Mjuaji wa Mtaa
Hapo ndipo Marekani inashinda. Kwao jaji anafuta sheria. Wafaransa walitundika Tamko ukutani kama picha.

#30 Mbeba Mizigo wa Paris
Mjuaji, kutundika ukutani ni kweli kabisa, napita hapo kila asubuhi. Kituo cha metro cha Concorde, njia namba 12, ukuta na dari ya handaki vimejaa vigae vyeupe, kila kigae herufi moja, na ukiziunganisha ni Tamko la 1789. Herufi zimefuatana bila nafasi kati ya maneno, ukitaka kusoma inabidi usimame, na ukisimama watu wanakusukuma. Juu yako ni uwanja walipomchinjia mfalme Louis wa 16. Sisi tusio na makaratasi siku za msako tulikuwa tunatokea kituo kingine, maana pale walinzi huwa wengi. Sijawahi kuifikia ibara ya 17.

#31 Mtoto wa Bukavu
😂 Ndugu yangu wa Paris, nikutumie, nimekariri.

Mwingine wa kuongeza: Ho Chi Minh, Hanoi, tarehe 2 Septemba 1945. Anatangaza uhuru wa Vietnam kutoka kwa Ufaransa, anaanza kwa kunukuu tamko la Wamarekani la 1776, kisha anawasomea Wafaransa Tamko lao la 1789. Yeye hakubishana nani ni baba. Alichukua wote wawili.

#32 Karani Mstaafu
Asanteni wote. Swali la pembeni: mbona Tamko halina wajibu? Haki tupu. Huku kwetu haki na wajibu vinakwenda pamoja hata kwenye katiba.

#33 Kobe Mkavu
Lilipigiwa kura mzee. Tarehe 4 Agosti 1789 asubuhi, makasisi wengi walitaka liitwe tamko la haki na wajibu. Likashindwa kwa kura 570 dhidi ya 433. Wajibu ukaja kuwekwa kwenye tamko la 1795, baada ya umwagaji damu kuwachosha. Na la 1789 lenyewe halikukamilika. Tarehe 27 Agosti walisema tusimame hapa, tumalize katiba kwanza, ibara nyingine tutaongeza baadaye. Hawakuongeza. Ndiyo maana hakuna haki ya kukusanyika wala kuunda vyama, na Juni 1791 wakapiga marufuku vyama vya wafanyakazi bila kuvunja ibara hata moja.

#34 Fundi Seremala
Hiyo ya vyama nilikuwa siijui. Yaani fundi alitolewa nje mapema hivyo?

#35 Dada Sheria
Mapema, na akakaa nje muda mrefu. Vyama vya wafanyakazi viliruhusiwa Ufaransa mwaka 1884.

Na Mjuaji #29, umepitwa. Katiba ya Ufaransa ya 1958 inalitaja Tamko kwenye utangulizi, na tarehe 16 Julai 1971 Baraza lao la Katiba liliamua kwamba utangulizi huo ni sheria kamili, likafuta kifungu kilichobana uhuru wa vyama. Tangu siku hiyo karatasi ya 1789 inafuta sheria za bunge. Anayetaka maelezo ya kesi hiyo aulize, niko ofisini mpaka saa kumi.